Nani Mwenye Kauli? Mapatano ya Biashara katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi

0. Utangulizi

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za lugha ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya matukio yake yametokea katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, huko Unguja, baada ya kushawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode. Huyo ndiye aliyeyahamisha katika hati za Kilatini na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi huko Brussels mwaka 1974.

Kwa kawaida kitabu hiki husomwa kwa njia mbili. Wanahistoria hukitafuta kwa ajili ya tarehe, safari na majina ya watemi. Wanaisimu hukitafuta kwa ajili ya nathari ya Kiswahili cha karne ya 19, kabla ya usanifishaji. Njia zote mbili zina faida yake. Hata hivyo, zote mbili huacha pembeni jambo ambalo msimulizi mwenyewe analishughulikia karibu katika kila ukurasa, yaani mapatano: nani alizungumza na nani juu ya pembe, kwa sharti gani, na nani hakuulizwa.

Makala haya yanakusudia kukisoma kitabu kwa upande huo. Swali linaloongoza ni la zamani, nalo halijapoteza uzito: nchi iliyo chini ya dola nyingine inastahili kuwa na mamlaka kiasi gani ya kujadiliana biashara yake yenyewe? Hoja itakayotetewa ni kwamba Maisha yanatenganisha mambo mawili ambayo mikataba ya wakati ule iliyachanganya kwa makusudi. La kwanza ni ruhusa ya kufanya biashara. La pili ni kauli juu ya masharti ya biashara. Aliyepewa la kwanza bila la pili, hatimaye hunyang'anywa yote mawili. Aidha, itaonyeshwa kwamba msimulizi anayelalamikia hali hiyo ndiye aliyewatendea hivyohivyo wenyeji wa bara.

1. Maneno ya mapatano

Kabla ya kufika kwenye matukio, inafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimeweka ndani ya msamiati wake tofauti inayochunguzwa hapa.

Neno biashara limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kuuza na kununua. Linataja tendo, wala halisemi lolote kuhusu aliyeweka bei au aliyepanga ushuru. Mtu anaweza kufanya biashara maisha yake yote kwa masharti asiyoyajua yalikotoka. Kupatana ni neno la namna nyingine. Limejengwa juu ya mzizi wa kupata pamoja na kiambishi cha kutendana, na kiambishi hicho hakikubali mtu mmoja. Hakuna awezaye kupatana peke yake. Katika masoko ya Lubumbashi na Bukavu, muuzaji na mnunuzi husema vilevile kwamba wasikilizane, na hapo pia umbo la kitenzi linadai masikio ya pande mbili.

Mkataba ni neno la maandishi, kwani asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa kuandika. Mkataba unaweza kuwa matokeo ya kupatana, lakini unaweza pia kuwa karatasi iliyoandikwa na mmoja na kutiwa sahihi na wawili. Neno la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni sharti. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zinazoishi katika nyumba moja. Kwanza ni kipengele kilichokubaliwa: tumewekeana masharti. Pili ni lazima: sharti uende. Msemaji wa Kiswahili huhama kutoka maana moja hadi nyingine bila kubadili hata herufi. Historia ya nchi zilizotawaliwa imepita katika njia hiyohiyo: jambo lililoanza kama sharti la kuwekeana limeishia kuwa sharti la kutii. Msomaji wa Maisha atafanya vema kuukumbuka uhamaji huo.

2. Unguja: forodha iliyofungwa kidogo kidogo

Tippu Tip ni mtu wa Unguja kabla ya kuwa mtu wa Kongo. Mtaji wake ulitoka huko, hasa kwa mfanyabiashara wa Kihindi Taria Topan, ambaye kwa wakati fulani alikuwa pia msimamizi wa forodha ya Sayyid. Kwa hiyo haiwezekani kuelewa msimamo wa msimulizi pasipo kuelewa hali ya forodha hiyo.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani uliopanga ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, kwa kiwango kilekile. Mkataba wa 1839 ulikuwa na jambo la kuangaliwa. Ulikataza ukiritimba katika nchi za Sayyid, isipokuwa biashara ya pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya Mrima, kutoka Tangate hadi Kilwa. Yaani Sayyid Said aliketi, akajadiliana, akatoa kitu na kubakiza kitu. Alichokibakiza ndicho kilichokuwa na thamani kubwa machoni pake. Huko kulikuwa kupatana, hata kama upande mmoja ulikuwa na manowari nyingi zaidi.

Lakini kiwango kilichoandikwa katika mikataba na dola kadhaa hakibadilishwi na mwenye nchi peke yake. Kila aliyetaka kupandisha ushuru alilazimika kurudi kwa waliotia sahihi. Hivyo asilimia 5, iliyoanza kama sharti la kuwekeana, ikageuka polepole kuwa sharti la aina ya pili.

Hatua iliyofuata ilifanyika mbali na Unguja. Hati ya Berlin ya tarehe 26 Februari 1885 ilitangaza uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, ikakataza ushuru wa bidhaa zinazoingia kwa muda wa miaka 20, ikakataza pia ukiritimba. Eneo la uhuru huo likaenezwa upande wa mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Sayyid Barghash hakualikwa Berlin, wala hakuwako mjumbe yeyote wa watu wa bonde lenyewe. Hati ilikiri kwamba dola zilizokutana haziwezi kuufunga utawala ulio huru wa pwani ya mashariki pasipo ridhaa yake, ikaahidi kuutafutia ridhaa hiyo. Mwaka 1886, katika mapatano yao ya kugawana sehemu za bara, Uingereza na Ujerumani zilimtambulia Sayyid ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na zikakubaliana kwamba aombwe kujiunga na Hati ya Berlin. Kwa maneno mengine, ridhaa yake ilitajwa ndani ya mapatano ambayo yeye hakuyafanya.

Mwisho wake unajulikana. Mwaka 1888 forodha za pwani ya kusini zilikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1892, chini ya uangalizi wa Waingereza, bandari ya Unguja ilitangazwa kuwa huru kwa ushuru. Kutoka mkataba wa 1839 hadi tangazo hilo ni miaka 53. Katika muda huo nchi haikuacha kufanya biashara hata siku moja. Ilichopoteza ni kauli.

Kuna ukurasa mmoja wa Maisha unaoyabeba yote haya kwa maneno machache. Mwishoni mwa 1886 Tippu Tip alishuka Unguja, akaenda kwa Sayyid Barghash akitarajia maagizo juu ya bara. Sayyid akamwomba asimkasirikie, akamweleza kwamba hataki tena habari za bara, kwa kuwa Wazungu wanaitaka Unguja yenyewe. Msimulizi, ambaye kwa kawaida hutaja vifo, njaa na vita bila kupaza sauti, hapa anakiri kwamba alitambua mambo yamekwisha. Nguvu ya ukurasa huo inatokana na ukavu wa kitabu kizima. Mtu aliyezoea kuhesabu frasila anakutana na hasara isiyohesabika kwa frasila: mwenye kauli amesema kwamba hana kauli.

3. Mkataba wa Februari 1887

Miezi michache baadaye Stanley alifika Unguja, akiwa njiani kumtafuta Emin Pasha. Kituo cha Dola Huru ya Kongo kwenye maporomoko ya Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kilikuwa kimeshambuliwa na kutekwa na Waarabu mwaka 1886. Mfalme Leopold hakuwa na jeshi la kukirudisha. Stanley akamletea Tippu Tip pendekezo: awe Wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru.

Masharti yalichapishwa na Stanley mwenyewe katika kitabu chake cha 1890. Wali atapandisha bendera ya Dola Huru, atalinda mamlaka yake mtoni mpaka Aruwimi, na atazuia biashara ya watumwa. Atapata mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Atakuwa na uhuru kamili wa kuendelea na biashara yake halali upande wowote, na kutuma misafara yake popote apendapo. Tena atampokea ofisa mkaazi wa Dola Huru, ambaye atakuwa katibu wake katika mawasiliano yake yote na Mtawala Mkuu.

Vifungu hivi viwili vya mwisho havina budi kusomwa pamoja. Cha kwanza kinatoa ruhusa pana: upande wowote, popote. Cha pili kinapitisha kila neno la Wali katika kalamu ya mwajiri wake. Miguu imeachwa huru, kinywa kimewekewa mlinzi. Hakuna kifungu kinachosema kwamba Wali ataulizwa kabla ya Dola Huru kupanga ushuru wa pembe, au kabla ya kutoa haki za biashara kwa kampuni katika wilaya yake. Kwa lugha ya makala haya, mkataba ulimpa biashara ukamnyima kupatana.

Namna Maisha yanavyolisimulia tukio hili inastahili kuangaliwa. Kitabu hakiorodheshi vifungu kimoja kimoja kama alivyofanya Stanley. Kinasimulia mazungumzo: huyu akasema, yule akajibu, kwa mfululizo wa vitenzi vya -ka- ambao ndio uti wa mgongo wa nathari yake. Tippu Tip hakubali papo hapo. Anakwenda kwanza kwa Sayyid kumtaka shauri, na Sayyid anamwambia akubali. Wako wanaoweza kuona hapo udhaifu wa mtu asiyejua kusoma mkataba. Usomaji huo hautoshi. Msimulizi anashika utaratibu aliokulia ndani yake, ambapo mfanyabiashara hajifungi na dola ngeni pasipo neno la mwenye nchi. Alifuata utaratibu ambao mwenye nchi mwenyewe alikuwa ameshaupoteza. Kwa hiyo kila upande ulitimiza adabu, na bado hakuna aliyejadiliana juu ya jambo kubwa.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja. Hati ya Berlin ilikuwa imekataza ushuru wa vitu vinavyoingia, lakini haikukataza ushuru wa vitu vinavyotoka, na pembe ni kitu kinachotoka. Azimio la Brussels la tarehe 2 Julai 1890 likaruhusu hata ushuru wa vitu vinavyoingia, hadi asilimia 10. Tarehe 21 Septemba 1891 Dola Huru ilitoa amri ya siri ikiwaagiza maofisa wake wa wilaya za kaskazini kuipatia dola mazao ya msitu, hasa pembe na mpira. Tippu Tip alikuwa ameondoka Stanley Falls mwaka 1890. Vita kati ya Dola Huru na Waarabu vilianza mwaka 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikaanguka Aprili, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa mwaka huohuo. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, lakini pembe zilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Uhuru kamili wa kutuma misafara popote haukudumu hata miaka sita.

4. Utetera: wale wasioulizwa

Kama uhakiki ungeishia hapa, Maisha yangebaki kuwa malalamiko ya mfanyabiashara aliyezidiwa akili na dola. Usomaji wa namna hiyo ungekuwa rahisi, tena ungewakosea wasomaji wa Kongo, ambao mababu zao wamo katika kitabu hiki upande wa pili wa bunduki.

Ukurasa unaopaswa kuwekwa karibu na ule wa 1887 ni ule wa Utetera kwa mtemi Kasongo Rushie. Msimulizi anaeleza jinsi alivyopata habari za ndugu wa kike wa mtemi waliochukuliwa mateka zamani. Alipofika kwa Kasongo alidai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao, na kwa hiyo yeye ni mjukuu wa ukoo. Mtemi mzee akampokea, akamwachia utawala. Pembe za nchi, ambazo kwa desturi zilikuwa haki ya mtemi, zikaanza kumfikia yeye.

Kwa upande wa sanaa, huu ni mmoja wa michezo bora ya kitabu. Msimulizi anampa msomaji siri kabla ya kumpeleka barazani, hivyo kila neno la undugu linalosemwa pale linasikika kwa masikio mawili. Kwa upande wa swali letu, huu ni mkataba wa biashara uliovaa kanzu ya ukoo. Mtemi alidhani anazungumza na mtoto wa nyumbani juu ya urithi. Kumbe alikuwa akihamisha mamlaka juu ya bidhaa kuu ya nchi yake kwa mgeni mwenye deni kwa Taria Topan. Kupatana hakukuwapo, kwa kuwa mmoja hakujua jambo linalopatanwa.

Baada ya hapo msimulizi aliweka utaratibu ambao hautofautiani sana na ule wa amri ya 1891: pembe ni za mwenye nguvu, mwindaji apate atakachopewa, na biashara ya kando ihesabiwe kuwa wizi. Wawindaji, wabeba mizigo, wanawake waliotekwa, na vijiji vilivyotoa chakula kwa misafara havina sauti katika kitabu. Wanatajwa kwa idadi. Watu hao ndio waliozitoa pembe porini na kuzifikisha pwani, lakini si Berlin, si Unguja, wala si Utetera walikoulizwa neno.

Kwa hiyo Tippu Tip ni shahidi wa mambo mawili. Alipoketi mbele ya Stanley alikuwa mtu aliyepewa biashara bila kauli. Alipoketi mbele ya Kasongo Rushie alikuwa mtu anayeinyang'anya kauli kwa jina la biashara. Thamani ya kitabu ni kwamba mambo haya yote mawili yamesimuliwa kwa sauti moja na bila kufichwa.

5. Kiasi gani cha mamlaka?

Je, uhakiki huu unafundisha nini juu ya kiasi cha mamlaka kinachofaa? Mfano kutoka upande mwingine wa dunia unaweza kusaidia kupima, kwa kuwa huko ngazi zilipandwa moja baada ya nyingine. Kanada ilikuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1859 waziri wake wa fedha, Galt, alitetea haki ya koloni kujipangia ushuru, ingawa wenye viwanda wa Sheffield walinung'unika. Mwaka 1907 mawaziri wa Kanada wenyewe walijadiliana na Ufaransa juu ya biashara, huku balozi wa Uingereza akitia sahihi pamoja nao. Mwaka 1923 waziri Lapointe alitia sahihi peke yake mkataba wa uvuvi na Marekani. Ngazi ni tatu: kujipangia ushuru, kuketi mezani, kutia sahihi.

Kongo ya Wabelgiji inaonyesha kinyume chake. Kongo ilikuwa na forodha yake, mbali na ya Ubelgiji, na bidhaa za Ubelgiji hazikupaswa kupendelewa, kwa sababu misingi ya Berlin iliendelezwa katika mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919. Juu ya karatasi hiyo ni heshima kubwa kwa koloni. Lakini Sheria ya Koloni ya 1908 ilisema kwamba Mfalme ndiye afanyaye mikataba inayohusu koloni. Mwaka 1931 serikali ya Ubelgiji iliagiza kampuni ya meli za mtoni, Unatra, ishushe nauli kwa ahadi ya kufidiwa hasara. Mwingereza Oscar Chinn, mwenye meli zake mtoni humo, akashindwa kuendelea. Uingereza ikaishitaki Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Kimataifa, na tarehe 12 Desemba 1934 Ubelgiji ikashinda. Mto ulikuwa wa Kongo, mizigo ilitoka Kongo, nauli ililipiwa na mazao ya Kongo. Wadaiwa na wadai walikuwa London na Brussels. Kati ya ngazi zile tatu, Kongo ilikuwa na kivuli cha ya kwanza tu.

Wapo wenye hoja kwamba nchi iliyo chini ya dola nyingine haifai kupewa mazungumzo yake, kwa sababu dola moja haiwezi kuwa na sera mbili, na kwa sababu nchi ndogo ikisimama peke yake mbele ya mataifa makubwa itaumizwa. Hoja ya pili ina ukweli wake. Asilimia 5 za Sayyid Said zilipangwa na mtawala aliye huru, na bado zilimfunga yeye na wanawe. Hata hivyo, udhaifu wa mjadili ni sababu ya kumpa msaidizi. Hauwi sababu ya kumfunga kinywa. Kuhusu sera mbili, Kongo ilikuwa tayari na forodha tofauti kwa manufaa ya mataifa ya Ulaya. Kama tofauti hiyo iliwezekana kwa ajili yao, ingewezekana pia kwa ajili ya wenyeji.

Makala haya yanaona kwamba kiasi cha chini kisichoweza kupunguzwa ni mambo matatu. Kwanza, kiwango cha ushuru kisipangwe wala kubadilishwa pasipo ridhaa ya wajumbe wa nchi inayohusika. Pili, wajumbe hao wazungumze kwa kinywa chao na wale wanaofanya nao biashara, pasipo kupitia kalamu ya katibu waliyewekewa. Tatu, mgogoro ukitokea, nchi yenyewe iwe mmoja wa wanaosikilizwa. Sahihi ya mwisho inaweza kubaki kwa dola kuu kwa muda. Historia ya Kanada yaonyesha kwamba anayepata mambo haya matatu haikosi sahihi kwa muda mrefu.

Lakini mfano uleule wa Kanada una kasoro ambayo msomaji wa Maisha ataitambua mara moja. Waliopanda ngazi walikuwa walowezi. Wenyeji wa kale wa nchi ile, ambao walikuwa wakifanya biashara ya manyoya na samaki kabla ya koloni kuwapo, hawakuketi mezani. Mamlaka ya nchi huweza kuishia mikononi mwa kundi moja ndani ya nchi, kama kauli ya Utetera ilivyoishia mikononi mwa Tippu Tip. Kwa hiyo swali la kiasi gani haliwezi kujibiwa kikamilifu kabla ya kuuliza kwa kinywa cha nani.

6. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi ni zaidi ya hazina ya tarehe na ya maumbo ya lugha. Ni kitabu kinachohusu haki ya kusema katika biashara. Kinaonyesha jinsi Unguja ilivyopoteza haki hiyo katika nusu karne, jinsi Wali wa Stanley Falls alivyopewa njia zote akanyimwa neno, na jinsi Wali huyohuyo alivyokuwa amewanyima wengine neno kabla yake.

Wanaokifundisha kitabu hiki katika vyuo vyetu wangefanya vema kutowaachia wanafunzi ukurasa wa 1887 peke yake. Usomwe pamoja na ule wa Kasongo Rushie, na katika kila ukurasa mwanafunzi aulizwe mambo yaleyale: nani alizungumza, kwa lugha ya nani, bidhaa ilikuwa ya nani, na nani alitajwa kwa idadi tu. Pia aulizwe neno sharti lina maana ipi kati ya zile mbili mahali lilipotumika. Mkataba wa Februari 1887 tumeupokea kutoka kitabu cha Stanley. Miaka kumi na mitano baadaye, mtu aliyewekewa katibu wa kusemea alichukua kalamu yake mwenyewe na kusimulia kwa Kiswahili. Hilo ndilo jibu pekee lililotoka upande wake, na hata jibu hilo bado linawasubiri watu wa Utetera walete lao.